Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kurahisisha modeli za mitandao bila kumsahau keateka

Jumamosi alasiri tunakutana watu sita au saba sebuleni kwangu hapa Umoja, Nairobi, tunapiga hesabu mpaka chai iishe. Kuna wanafunzi wa chuo, kuna fundi umeme mmoja, kuna dada anayefanya kazi na takwimu za afya. Mada iliyotushika mwaka huu ni moja: jinsi ya kuchukua modeli ya mtandao mkubwa, yenye milinganyo mingi isiyosomeka, na kuipunguza hadi milinganyo michache inayosema ukweli uleule. Maswali ni yaleyale kila wiki, mengine huingia WhatsApp saa tano usiku, kwa hiyo nimeamua kuyaandika mara moja.

Unaposema modeli ya mwenendo kwenye mtandao, unamaanisha nini hasa?

Vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Cha kwanza ni mchoro wa nani ameungana na nani. Kila mtu, kituo au mashine ni nukta, tunaiita nodi, na kila uhusiano ni mstari, tunauita kiungo. Cha pili ni kanuni: nodi hubadilika vipi kwa sababu ya majirani zake. Mchoro peke yake umekaa tu kama ramani ukutani. Ukitia kanuni, unaanza kutembea.

Mfano wangu ni ploti ninayoishi, yaani jengo la nyumba za kupanga. Ina nyumba 9 na keateka mmoja, yaani mtunza jengo. Majirani hatujuani sana, kila mtu hutoka alfajiri na kurudi giza limeingia, lakini keateka anamjua kila mmoja na kila mmoja anamjua yeye. Kuna jioni ulizuka uvumi kwamba maji yangekatwa siku tatu. Saa moja baadaye ngazi nzima ilikuwa mitungi na jerikani. Asubuhi mfereji ukatoa maji kama kawaida, watu wakapuuza. Jioni uvumi ukarudi, na mitungi ikarudi.

Nilichora nodi 10 na viungo 9, keateka katikati. Kanuni: asiyeamini anaweza kuamini akisikia kwa jirani anayeamini, anayeamini huacha kuamini baada ya muda, na anaweza kuamini tena. Ni kanuni ileile wanayotumia watu wa afya kwa magonjwa kama mafua, unayopona leo na kuyapata tena mwezi ujao.

Kompyuta za siku hizi zina nguvu. Kwa nini tusiiachie kompyuta modeli yote?

Hebu tuhesabu. Kila nodi ina hali mbili, inaamini au haiamini. Ploti ya watu 10 ina hali 2 × 2 × 2 mara kumi, yaani 1,024. Bado ni mchezo. Ongeza ploti ya pili mfike 20, hali zinakuwa 1,048,576. Ukitaka jedwali kamili linaloonyesha kasi ya kutoka kila hali kwenda kila hali, kila namba ikichukua baiti 8, unahitaji karibu terabaiti 8.8. Laptopu yangu ina diski ya gigabaiti 256. Ukifika watu 300, yaani jengo moja tu la ghorofa mtaani Pipeline, hesabu ya hali inazidi makadirio ya atomu zote katika ulimwengu unaoonekana.

Kuna njia ya kukwepa jedwali hilo: unaiachia kompyuta ibahatishe, inafuata uvumi mmoja kwa nasibu, halafu inarudia mara elfu. Ni njia nzuri, hata mimi naitumia. Lakini itakupa jibu la namba ulizoingiza siku hiyo tu. Ukiuliza *kwa nini* uvumi mmoja unashika na mwingine unazima, itakuonyesha mistari elfu kwenye skrini. Mlinganyo mmoja mfupi ulioandikwa nyuma ya risiti hukuonyesha ni kitu gani kinachosukuma, na kwa kiasi gani.

Basi si tuchukue wastani tu, yaishe?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndipo nilipoteleza mwenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwaka 1927 Kermack na McKendrick waliandika modeli ya mlipuko wa ugonjwa ambamo kila mtu ana nafasi sawa ya kukutana na kila mtu, kama sukari iliyokorogwa vizuri kwenye chai. Modeli hiyo imesaidia dunia kwa karibu miaka mia. Mtandao ukiwa mbele yako, namna rahisi ya kuifuata ni kuhesabu wastani wa viungo kwa kila mtu, kisha kujifanya kwamba kila mtu ana idadi hiyo.

Nilifanya hivyo kwa ploti yetu. Viungo 9 vina ncha 18, gawanya kwa watu 10, wastani ni 1.8. Kanuni ya modeli hii inasema uvumi utashika ikiwa kasi ya kupita kwenye kiungo kimoja, ukigawanya kwa kasi ya watu kuacha kuamini, inazidi 1 ÷ 1.8, yaani kama 0.56. Hicho ndicho kizingiti. Nikakadiria kwa macho kwamba uvumi wetu ulikuwa chini ya hapo, nikamwambia mke wangu usihangaike na mitungi, huu hautafika mbali. Ulifika. Tulioga kwa zamu ya ndoo ya jirani, maana siku hiyo uvumi ulikuwa kweli.

Kosa langu ni hili: hakuna mtu mwenye viungo 1.8 katika ploti ile. Kuna tisa wenye kiungo kimoja na mmoja mwenye tisa. Wastani ulimchukua keateka, ukamgawa vipande kumi, ukampa kila mpangaji kipande. Mtu anayebeba habari zote akatoweka kwenye hesabu.

Sasa badala ya kuchagua mtu kwa nasibu, chagua ncha ya kiungo kwa nasibu. Katika ncha 18, tisa zinamwangukia keateka, ambaye ana viungo 9, na tisa zinaangukia nyumba, zenye kiungo 1 kila moja. Wastani sasa ni (9 × 9 + 9 × 1) ÷ 18, yaani 5. Si 1.8 tena. Uvumi hausafiri kwa watu uliowachagua wewe kwenye orodha, unasafiri kwa viungo, na viungo vinaelekea kwa wenye viungo vingi. Mwanasosholojia Scott Feld aliliandika jambo hili mwaka 1991: kwa wastani, marafiki zako wana marafiki wengi kuliko wewe. Hakuna haja ya kuhuzunika, ni hesabu tu.

Wastani huu wenye uzito ndio uliowafanya Pastor-Satorras na Vespignani mwaka 2001 waseme jambo lililoshtua wengi: katika mtandao mkubwa sana wenye nodi chache zenye viungo vingi kupindukia, kama ule wa kompyuta duniani, kizingiti kinaweza kushuka hadi karibu na sifuri. Kirusi dhaifu nacho kinapata pa kuishi. Na mwaka 2016 Gao, Barzel na Barabási walitumia uzito wa namna hii kukusanya mfumo mzima wa milinganyo mingi, wa viumbe wanaotegemeana kwa mfano, kuwa mlinganyo mmoja wenye kigeu kimoja, yaani namba moja inayobadilika, kisha wakauliza mfumo utaanguka lini.

Kwa hiyo jibu ni 5?

Hapana. Subiri. Hesabu ya 5 inachukulia kwamba viungo vimefungwa ovyo, kwamba mwenye viungo vingi anaweza kuungana na mwenzake mwenye viungo vingi. Katika ploti yetu keateka ni mmoja tu, na upande wa pili wa kila kiungo chake kuna mpangaji mwenye kiungo kimoja. Uvumi ukitoka kwake unagonga ukuta, lazima urudi kwake ndipo uende tena. Namba 5 inauongezea uvumi nguvu.

Fanya hivi kwenye karatasi. Mpe kila mtu alama 1. Kila raundi, alama mpya ya mtu ni jumla ya alama za majirani zake. Raundi ya kwanza keateka anapata 9, kila nyumba 1. Ya pili, keateka 9, kila nyumba 9. Ya tatu, keateka 81, nyumba 9. Ya nne, 81 na 81. Kila raundi mbili alama zinazidishwa kwa 9, kwa hiyo kwa raundi moja ni 3. Hiyo 3 ndiyo wanahisabati wanaiita thamani aigeni kubwa kabisa ya jedwali la viungo, nayo inakuambia mtandao unakuza mambo kwa kiasi gani. Kizingiti chake ni 1 ÷ 3, yaani 0.33.

Kwa hiyo ploti moja, njia tatu za kurahisisha, namba tatu: 1.8, 3 na 5, vizingiti 0.56, 0.33 na 0.2. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Kila njia imeamua kusahau kitu tofauti. Ya kwanza imesahau kwamba watu hawalingani, ya pili imekumbuka nani ameungana na nani, na ya tatu imekumbuka idadi ya viungo ikasahau vinaenda wapi.

Njia ya aigeni inakupa pia uzito wa kila mtu ukitaka kubaki na kigeu kimoja: keateka anahesabiwa mara tatu ya nyumba moja. Mwaka 2019 Laurence, Doyon, Dubé na Desrosiers, waliokuwa Quebec nchini Kanada, waliijenga njia hii kwa mapana, wakaonyesha kwamba mtandao mmoja unaweza kuhitaji vigeu viwili au vitatu vya namna hiyo pale ambapo kimoja hakitoshi.

Je, kuna kurahisisha bila kupoteza chochote?

Kupo, na ni tamu. Angalia tena ploti. Nyumba 9 zinafanana kabisa mbele ya keateka. Ukiuliza *wangapi* wanaamini, huna haja ya kujua ni nyumba namba ngapi. Kinachotakiwa ni mambo mawili: keateka anaamini au haamini, hali 2, na idadi ya nyumba zinazoamini, kutoka 0 hadi 9, hali 10. Ukizidisha 2 kwa 10, ni hali 20. Kutoka 1,024 hadi 20, na majibu yanalingana mpaka nukta ya mwisho. Ulichoacha ni majina ya nyumba tu, ambayo hukuyauliza.

Hali hizo 20 zinakuambia pia jambo ambalo vile vizingiti vitatu vinaficha: katika ploti ndogo, uvumi wowote hatimaye hufa, hata ule mkali. Siku moja kwa bahati wote wataacha kuamini kwa pamoja, na hapo hakuna wa kuuanzisha tena. Kizingiti kinatenganisha uvumi unaokufa upesi na ule unaochukua muda mrefu mno kufa. Kwa mtu aliyesimama kwenye foleni ya maji, tofauti hiyo inatosha.

Fundi wetu wa umeme alicheka alipoona hili. Kwao ni kazi ya kila siku. Vikinza viwili vilivyofuatana, cha omu 10 na cha omu 20, ni kimoja cha omu 30, na nodi ya katikati inafutwa bila mtu kuilalamikia. Geuza nyota (vikinza vitatu vinavyokutana kwenye nodi moja) kuwa delta (vikinza vitatu vya pembetatu), jambo aliloliandika Kennelly mwaka 1899, nodi nyingine imekwenda. Gabriel Kron akaipanua kazi hiyo kwa mitandao mikubwa, na mpaka leo wahandisi wa gridi ya umeme wanaitumia kufuta maelfu ya nodi wasizozitazama. Tahadhari yake ni moja: inakuwa kamili pale mkondo umetulia. Mambo yakianza kuyumbayumba, nodi iliyofutwa inaweza kuwa ndiyo iliyokuwa ikiyumba.

Ploti nimeielewa. Nairobi nzima je?

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073. Hakuna ulinganifu mzuri wa kukuokoa hapo. Unachofanya ni kukata makundi. Jiji lina maeneobunge 17. Ukijifanya kwamba ndani ya kila eneo watu wamekorogwa sawasawa, unahitaji jedwali la nani hukutana na nani lenye 17 kwa 17, namba 289, na kwa kuwa mkutano wa Langata na Kasarani ni uleule wa Kasarani na Langata, zinabaki 153 za kutafuta. Ukitaka wadi zote 85, jedwali linapanda hadi 7,225. Dada wa takwimu za afya huniambia kwamba kupata namba 153 zenye kuaminika tayari ni jasho. Mimi nakubali. Modeli yenye namba nyingi za kubuni ni uongo wenye desimali.

Lakini je, mpaka wa eneobunge ndio mpaka wa mtandao? Ingia kwenye matatu uone. Mwaka 2014 ilitoka ramani ya Digital Matatus, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na MIT na Columbia, ikaonyesha njia zaidi ya 130. Ukiitazama unaona kitu ambacho makanga yeyote angekwambia bure: karibu kila mstari unakimbilia tao, yaani katikati ya jiji. Ukitoka Rongai kwenda Thika, unashuka tao, unavuka kwa miguu, unapanda nyingine. Jiji zima lina umbo la ploti yetu, na katikati yake ndiyo keateka. Ukikata makundi kwa mipaka ya siasa, unaweza kumgawanya keateka tena bila kujua. Mimi tao huwa naiacha kundi la peke yake, hata kama wanaolala huko ni wachache.

Mfano mwingine wa karibu. Machi 2020, corona ilipoingia, matatu ya abiria 14 iliagizwa kubeba 8. Abiria walipungua kwa asilimia 43. Lakini hesabu jozi za abiria wanaoweza kupumuliana: watu 14 wana jozi 91, watu 8 wana jozi 28. Jozi zimepungua kwa karibu asilimia 69. Modeli inayohesabu watu inaona agizo dogo kuliko modeli inayohesabu viungo. (Nauli ilivyopanda ni hadithi nyingine, na bado inaniuma.) Na tarehe 6 Aprili mwaka huohuo safari za kutoka na kuingia eneo la Nairobi zilipopigwa marufuku, hiyo ilikuwa kukata viungo *kati* ya makundi. Ni kitendo kingine kabisa kwenye jedwali: namba za pembeni zinashuka, za ndani ya kundi zinabaki pale pale.

Kila kitu ni uvumi na magonjwa?

La. Kumbuka shuleni mwalimu akisema "mpigieni makofi ya kilo". Ghafla mikono mia tano inapiga kwa mpigo mmoja. Sasa ondoa mwalimu, acha kila mtoto apige kwa kasi yake huku akisikiliza wengine. Je, watafikia mpigo mmoja? Yoshiki Kuramoto aliandika modeli ya jambo hili mwaka 1975. Mwaka 2008 Edward Ott na Thomas Antonsen wakaonyesha kwamba, wapigaji wakiwa wengi sana, kila mmoja akiwasikia wote, na kasi zao zikiwa zimetawanyika kwa namna fulani maalumu, mfumo wote unashuka hadi vitu viwili: mpigo wa pamoja una nguvu gani, na uko wapi katika mzunguko wake. Mikono mia tano, namba mbili. Mashine za kuzalisha umeme nazo zinatakiwa zizunguke kwa mpigo mmoja, kwa hiyo hesabu hii ina ndugu zake kwenye gridi.

Nimesikia kuhusu "kutenga haraka na polepole". Ni nini?

Mfikirie wakala wa M-Pesa. Kila dakika mtu anaweka, mwingine anatoa. Pesa taslimu na floti, yaani pesa iliyo kwenye simu yake, vinapanda na kushuka kama pumzi. Mtaji wake wa jumla hubadilika kwa wiki au miezi. Ukitaka kujua mtandao wa mawakala utakuaje mwaka mzima, usifuate kila muamala. Unauliza: kwa mtaji huu, ile pumzi ya kila dakika inatulia wapi? Unaweka jibu hilo ndani ya mlinganyo wa polepole, na vigeu vya haraka vinaondoka. Tikhonov alithibitisha mwaka 1952 ni wakati gani unaruhusiwa kufanya hivyo. Ukitaka kujua kwa nini wakala huyu amekosa floti saa kumi na moja jioni ya tarehe 30, hapo sasa haraka ndiyo kila kitu, na umekosea kuitupa.

Nitajuaje kwamba nimerahisisha kupita kiasi?

Dalili ya kwanza ni modeli kushangaa jambo ambalo mtu wa pale haoni la kushangaza. Usicheke, mimi hupima hivyo kabla ya kupima kwa namba.

Ya pili: chukua mtandao mdogo unaoweza kuutatua kikamilifu, kama hali zetu 20, kisha ulinganishe. Ukiona modeli fupi inakosea kwa nodi 10, usitumaini kwamba nodi milioni zitaisamehe. Wakati mwingine zinasamehe kweli, maana bahati nasibu hujifuta kwa wingi, lakini lazima uonyeshe.

Ya tatu ni ngumu kidogo kuiona. Modeli nyingi fupi zinajifanya kwamba hali ya jirani yangu haihusiani na hali yangu. Lakini kama mimi ndiye niliyempa keateka uvumi, basi keateka kuamini hakuniongezei kitu, mimi tayari naamini. Modeli inahesabu kiungo hicho kana kwamba bado kina kazi. Ndiyo maana kwa uvumi wa aina hii modeli ya namba 3 huzidisha idadi ya wanaoamini. Dawa yake ni kufuata jozi za majirani badala ya mtu mmojammoja, na gharama yake ni milinganyo zaidi.

Ya nne: angalia kama kuna tukio moja dogo linaloweza kuangusha vingi. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda kwenye paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, ikajizima. Mashine nyingine kituoni zikabeba mzigo usio wao, nazo zikajizima, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alipona. Katika mfumo wa namna hii wastani wa mzigo kwa kila mashine unaweza kuwa wa kuridhisha kabisa dakika moja kabla ya giza. Kinachohitajika ni kujua nani yuko karibu na ukomo wake, na mzigo wake utamwangukia nani. Usipunguze hapo mpaka uwe umewaorodhesha hao.

Kwa nini mitandao halisi inakubali kupunguzwa hata kidogo?

Swali zuri, na jibu lake si la zamani. Thibeault, Allard na Desrosiers walichapisha mwaka 2024 kazi iliyokagua mitandao halisi ya kila aina. Ukichambua jedwali la viungo unapata orodha ya namba, kila moja ikipima mchango wa umbo moja ndani ya mtandao. Waliona namba hizo zinashuka haraka: chache za mwanzo ni kubwa, nyingi zilizobaki ni ndogo. Yaani mtandao una nodi nyingi lakini maumbo machache yenye uzito. Mtandao uliofungwa kwa bahati nasibu tupu haushuki hivyo. Kwa lugha ya kwetu, jiji lina watu milioni nne lakini asubuhi wanaelekea pande chache.

Nahitaji kujua hesabu kiasi gani, na nitumie programu gani?

Aljebra ya majedwali na milinganyo tofautishi ya mwaka wa kwanza chuoni vinatosha kuanza. Mimi natumia Python na maktaba ya NetworkX, ni bure. Lakini anza na karatasi na nodi zisizozidi 10. Nilipewa kazi na ofisi fulani mjini iliyotaka "kila kitu kiingizwe", nikaingiza vigeu 212, na mwisho wa mwezi hakuna aliyeweza kuniuliza swali, kwa sababu hakuna aliyejua modeli inajibu swali gani. Hata mimi sikujua. Siku hizi sifungui laptopu kabla swali halijaandikwa kwa sentensi moja juu ya karatasi.

Keateka mwenyewe aliuona mchoro?

Aliuona. Nilimwonyesha Jumapili moja akiwa anafagia ngazi, nikamweleza nyota, yeye katikati, nyumba tisa pembeni. Akauangalia kwa muda, akaegemeza ufagio. "Mwalimu, umesahau kamba ya nguo. Namba tatu na namba saba wanaanika pamoja, hao wanaongea kila siku."

Kiungo kimoja tu kimeongezeka, nikarudi mezani. Nyumba ya tatu na ya saba hazifanani tena na zile nyingine, kwa hiyo hali 20 haziwezi kubaki: keateka 2, wale wawili wa kamba 3, saba waliobaki 8, ukizidisha zote ni 48. Wastani wa kawaida umepanda kutoka 1.8 hadi 2. Aigeni imepanda kutoka 3 hadi 3.15. Na ule wastani wenye uzito, uliokuwa 5, umeshuka hadi 4.8. Yaani watu wawili wameanza kuzungumza kwenye kamba ya nguo, halafu hesabu moja kati ya tatu inaniambia uvumi umepata shida zaidi kusambaa. Jumamosi hii ndiyo tunaanza na hilo. Atakayewahi alete maziwa.